Mbwa kwa nyumba yenye aleji: jinsi ya kumchagua asiyemwaga manyoya ukiwa Uganda

Mbwa wetu wa kwanza tulimnunua kando ya barabara, akiwa ndani ya boksi la maziwa, kwa kijana aliyetuapia kwamba ni Maltese. "Huyu hamwagi manyoya, mzee. Hata mwenye pumu analala naye." Alikuwa mweupe kama pamba, na binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameshamkumbatia kabla sijauliza bei. Miezi minne baadaye masikio yakasimama, mkia ukajikunja mgongoni, na manyoya meupe yakaanza kuonekana kwenye kochi, kwenye sare ya shule, mpaka kwenye sufuria ya posho, yaani ugali. Daktari wa mifugo alimtupia jicho moja tu, akacheka: "Mzee, huyu ni Spitz." Japanese Spitz ana manyoya ya tabaka mbili na huyapukutisha kwa wingi. Wakati huo binti alikuwa amesharudi kwenye inhela.

Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia. Na nitakuwa mkweli tangu mwanzo: watu wengi huanza kwa kuuliza "aina gani?" Mimi naliweka swali hilo la tatu.

Hatua ya kwanza: jua kinachokuumiza

Manyoya yenyewe yanasingiziwa. Kinachowasha macho na kubana kifua ni protini zinazotoka kwenye mate ya mbwa, kwenye mba ya ngozi yake na kwenye mkojo. Manyoya huzibeba tu, kama boda anavyobeba abiria. Protini iliyochunguzwa zaidi wataalamu wanaiita Can f 1. Mbwa hujilamba, mate yanakauka juu ya manyoya, yanamomonyoka na kuwa vumbi jepesi linaloelea hewani na kunata kwenye nguo. Vumbi hilo limekutwa hata kwenye nyumba ambazo hazijawahi kufuga mbwa, limeletwa na wageni. Basi mtu akikwambia ana mbwa "asiye na aleji kabisa", mwulize kama mbwa huyo hana mate.

Mwaka 2011 watafiti wa Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vumbi kwenye nyumba 173 zenye mbwa. Nyumba zenye mbwa wanaosifiwa kuwa salama kwa wenye aleji hazikuwa na protini hiyo pungufu kuliko nyumba zenye mbwa wengine. Mwaka uliofuata Waholanzi wakapima manyoya yenyewe, na mbwa wa aina zinazosifiwa ndio waliokuwa na Can f 1 nyingi zaidi kwenye manyoya. Tofauti kati ya mbwa na mbwa wa aina moja ilikuwa kubwa.

Sasa kwa nini tuhangaike na mbwa asiyepukutisha? Kwa sababu manyoya yanayobaki mwilini mwa mbwa unaweza kuyaosha na kuyakata. Yakishaanguka, yanakwenda chini ya kochi, kwenye godoro na kwenye mapazia, na huko ni vita nyingine. Faida ipo, ila inakuja kwa kazi ya mikono yako. Ukinunua Poodle usimwogeshe wala kumnyoa, umenunua dodoki la mate.

Halafu, hakikisha ni mbwa kweli anayekuumiza. Kwa hali yetu ya hewa, hasa ukanda wa Ziwa Viktoria ambako unyevu hauishi, utitiri wa kwenye magodoro, mende na ukungu wa ukutani huleta mafua na pumu kwa watu wengi ambao hawana mbwa hata mmoja. Kipimo cha kuchoma ngozi juu juu kwenye mkono hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Piga simu kwanza uulize kama hospitali unayokwenda inakifanya na kama ina dawa ya kupimia aleji ya mbwa, maana si zote. Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoko Mulago, inashughulikia magonjwa kama pumu na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Kumbuka pia kwamba setirizini, loratadini na dawa nyingine za aleji huharibu kipimo. Daktari atakwambia uache siku ngapi kabla, kwa kawaida karibu wiki moja. Usiache dawa ya pumu kwa kujiamulia.

Hapa nasimama kidogo kwa sababu mtu anaweza kufa. Kama mgonjwa wa pumu anaamka usiku akikohoa, au anatumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, hali yake haijatulia. Mbwa asubiri. Tuliza pumu kwanza pamoja na daktari, miezi kadhaa, ndipo urudi kwenye mazungumzo haya.

Hatua ya pili: atalala wapi?

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani inachukulia kwamba mbwa analala kitandani na mwenye nyumba. Huku kwetu mbwa wengi wanalala nje, na kwa mtu mwenye aleji hiyo ni nusu ya tiba. Nililelewa katika kambi ya polisi Nsambya, na sikumbuki mbwa hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti. Majirani zetu Waislamu walikuwa na sababu yao ya dini, mama yangu alikuwa na sababu ya usafi tu, na hakuna aliyejua kwamba wote walikuwa wanalinda vifua vyetu.

Kama una kiwanja na ukuta, kibanda kizuri nje, kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini na chenye paa lisilovuja mvua ya Aprili, kitakusaidia kuliko jina lolote la kizungu la mbwa. Mbwa wa kienyeji jike anayelala nje anaweza kukusumbua kidogo kuliko Maltese anayelala juu ya mto wako. Nasema "anaweza", kwa sababu watoto watamkumbatia nje kisha waje kukukalia mapajani na nguo zile zile.

Lakini kama unaishi ghorofani Kansanga, au kwenye nyumba za kupanga za mstari mmoja ambako hakuna nje yako mwenyewe, basi mbwa ataishi ndani na swali la aina linapata uzito. Weka sheria kabla hajafika: chumba cha kulala cha mwenye aleji mlango unafungwa, siku zote, hata mbwa akilia. Ukimruhusu usiku mmoja wa mvua na radi, umemruhusu milele.

Hatua ya tatu: sasa aina

Usidanganywe na ufupi wa manyoya. Rottweiler na Boerboel wana manyoya mafupi, na yanapukutika sana. Ni vile tu hayaonekani mpaka uvae suruali nyeusi. German Shepherd, kipenzi cha kila mwenye geti Kampala, ana tabaka mbili na humwaga kama mti wa jakaranda. Kinachotakiwa ni manyoya yanayokua muda mrefu kabla ya kung'oka, karibu kama nywele za mtu. Dalili yake ni rahisi: mbwa wa namna hiyo lazima anyolewe. Muuzaji akikwambia mbwa wake hapukutishi na pia hahitaji kinyozi, mwulize vizuri.

Poodle ndiye ninayempa alama nyingi. Yupo wa saizi kadhaa, kutoka yule mdogo asiyezidi sentimita 25 begani hadi mkubwa anayepita 38 na mara nyingi kufika 50 na zaidi. Watu humwona kama pambo, lakini alizaliwa kuwa mbwa wa kazi, wa kuokota bata majini. Ana akili, anabweka mgeni akigonga, na yule mkubwa anatosha kumfanya mwizi afikiri mara mbili. Ubaya wake ni msokoto. Manyoya yaliyong'oka hayaanguki, yanabaki yamenasa, na usipochana kila siku mbili tatu yanajifunga mafundo yanayovuta ngozi. Mvua ikimnyeshea bila kukaushwa, chini ya mafundo ngozi inaoza.

Maltese na Yorkshire Terrier wanafaa nyumba ndogo. Wana tabaka moja la manyoya na wanaweza kuogeshwa kwenye beseni. Ila ni wepesi kuvunjika: mtoto wa miaka mitatu akimwangusha kutoka kochini, mguu umekwenda. Na kama hadithi yangu ilivyokuonyesha, jina "Maltese" hupachikwa kila kijimbwa cheupe. Mtazame masikio: Maltese masikio yake yanalala chini hata akiwa mkubwa, na manyoya yake yananyooka kuelekea chini kama hariri. Spitz masikio yanasimama na manyoya yanasimama pia.

Shih Tzu hapukutishi sana, ni mpole, lakini pua yake imebonyea na joto humtesa. Kampala joto lake si kali sana, kwa hiyo anavumilia. Gulu, Arua au Moroto mwezi wa pili, sikushauri. Schnauzer ni imara na anabweka vizuri, lakini kumpata hapa ni shughuli.

Basenji nimtaje kwa ajili ya heshima. Ni mbwa wa Afrika ya Kati, asili yake misitu ya Kongo, mwenye manyoya mafupi sana, hujilamba kama paka, na habweki kama wengine. Hutoa sauti ya kujikunja kama mtu anayefanya mazoezi ya kuimba. Waingereza walianza kumzalisha kwao miaka ya 1930. Jina lake lina undugu na neno letu "washenzi", kwa hiyo mbwa wetu msafi kuliko wote ndiye aliyebebeshwa tusi. Anapukutisha kidogo. Lakini kujilamba kwingi ni mate mengi juu ya manyoya, na usisahau kilichosemwa huko juu.

Halafu kuna hawa wa mchanganyiko wanaoishia na "doodle". Wa kwanza kujulikana sana alizalishwa Australia mwaka 1989 na Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu. Mwanamke mmoja wa Hawaii asiyeona alihitaji mbwa, na mume wake alikuwa na aleji. Conron akampandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu, akatuma mate na manyoya yao Hawaii yakapimwe kwa huyo mume. Ni mmoja tu aliyemkubali. Watatu wa tumbo moja, mmoja akafaa! Ukiambiwa bei mara tatu kwa sababu "ni doodle", wakumbuke hao wawili waliokataliwa.

Neno dogo kuhusu misimu. Utasoma kwamba mbwa hupukutisha sana wakati wa machipuko na wakati wa vuli. Hilo linahusu nchi ambako mchana unarefuka na kufupika. Sisi tuko juu ya mstari wa Ikweta, unaupita pale Kayabwe ukielekea Masaka, na mchana wetu una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima. Usisubiri msimu uishe.

Hatua ya nne: jike

Hili sikulijua kwa miaka mingi. Kuna protini nyingine, Can f 5, inayotengenezwa kwenye tezi dume na kutoka na mkojo. Jike hana. Wapo watu ambao mwili wao unakataa protini hiyo peke yake, na hao wanaweza kukaa na jike bila tabu, huku dume akiwatoa machozi. Dume aliyehasiwa huitoa kwa kiasi kidogo sana. Kama umewahi kuona kwamba mbwa wa jirani hakusumbui ila wa shemeji anakusumbua, anza kuuliza nani ni dume.

Vipo vipimo vya damu vinavyotenganisha protini moja moja. Mwulize daktari kama vinapatikana na kwa gharama gani. Kama hupati, chagua jike tu. Huku kwetu watu wanapenda madume kwa ulinzi, wanaogopa jike ataleta madume ya kijiji kizima getini, kwa hiyo jike mara nyingi ni bei nafuu. Mfunge kizazi na hilo la getini litaisha. Kliniki ya wanyama ya chuo cha tiba ya mifugo Makerere wanaweza kukushauri juu ya umri unaofaa.

Hatua ya tano: mjaribu mbwa mwenyewe

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Humjaribu Poodle kwa jumla, unamjaribu huyu hapa.

Usichukue mtoto wa mbwa kama unaweza kupata mkubwa. Mtoto ana mwili mdogo na manyoya ya utotoni, ambayo hubadilika kati ya miezi sita na mwaka. Anaweza kukupendeza mwezi wa tatu na kukulaza hospitali mwezi wa kumi. Kama ni lazima mtoto, mjaribu mama yake.

Sisi mara ya pili tulikwenda Entebbe kwa mama mmoja aliyekuwa anahama. Alikuwa na jike wa miaka miwili, Poodle aliyechanganyika na kitu ambacho hata daktari alishindwa kukitaja. Tulimwomba mambo mawili: asiwepo mbwa mwingine karibu, na tukae barazani badala ya sebuleni, maana sebule yake ilikuwa na zulia na paka wawili. Ukijaribu mbwa kwenye nyumba yenye wanyama wengine hutajua nani amekupiga.

Ziara ya kwanza binti alikaa mkekani nusu saa bila kumgusa. Ya pili, siku tatu baadaye, akampapasa, kisha akasugua kiganja kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko. Tukasubiri dakika 20 huku mama mwenye nyumba akituchotea chai. Kama vingetokea vivimbe kama vya kuumwa na mbu, tungemshukuru na kuondoka. Ilitokea wekundu kidogo, ukapotea. Ziara ya tatu tulifuta mgongo na shingo ya mbwa kwa fulana safi, tukaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nyumbani fulana ililala karibu na mto wa binti usiku tatu, na mimi na mama yake tukilala macho wazi. Asubuhi tulikuwa tunaandika kwenye daftari: chafya ngapi, macho, kikohozi, inhela mara ngapi. Baada ya hapo ndipo mbwa akaja kwetu kwa wiki mbili, kwa makubaliano ya maandishi kwamba anaweza kurudi.

Jaribio la mkono na la fulana si la kila mtu. Mwenye pumu kali, au aliyewahi kuvimba midomo na koo kwa sababu ya mbwa, asilifanye nyumbani. Na wakati wa majaribio usimpe mgonjwa dawa ya aleji "ili asipate shida". Utakuwa umeijaribu dawa.

Kama unataka kuchukua mbwa asiye na mwenyewe, shirika la kutetea wanyama la USPCA lina makao ya mbwa Kampala, na mtu anaweza kwenda zaidi ya mara moja kabla ya kuamua. Wengi ni wa kienyeji, manyoya mafupi. Usiwadharau.

Hatua ya sita: karatasi

Haraka haraka: kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari, chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, chanjo ya parvo na distemper (magonjwa ya virusi yanayoua mbwa), dawa ya minyoo. Ukimleta kutoka Kenya kupitia Busia au Malaba, pata kwanza kibali kutoka Wizara ya Kilimo, Entebbe. Usimfiche kwenye basi chini ya kiti.

Hatua ya saba: miezi ya mwanzo

Kuogesha mara mbili kwa wiki. Si mara moja kwa mwezi. Utafiti uliopima protini baada ya kuoga ulionyesha kwamba hushuka vizuri, kisha baada ya siku tatu hivi hurudi ilikokuwa. Jerikeni moja ya lita 20 inamtosha mbwa mdogo. Tumia shampuu ya mbwa. Sabuni ya mche inakausha ngozi, na ngozi kavu ni mba zaidi. Mtu wa kuogesha na kuchana awe yule asiye na aleji, na afanyie nje.

Chakula nacho kinaonekana kwenye ngozi. Posho tupu kila siku huzaa mbwa mwenye mba. Changanya mukene (dagaa) uliopondwa, yai mara moja moja.

Ndani ya nyumba, weka ufagio chini. Kufagia sakafu kavu ni kulirusha vumbi lililolala mpaka usawa wa pua. Piga deki kwa kitambaa kibichi kila siku, toa zulia sebuleni, kochi livike shuka linalofuliwa kila wiki. Matandiko ya mbwa yafue kwa maji ya moto, yaanike juani, kisha yapige pasi. Hiyo pasi ina kazi mbili: nzi wa maembe hutaga kwenye nguo zenye unyevu, na mbwa akilalia atapata funza chini ya ngozi. Watoto pia.

Na kupe. Mbwa wa manyoya marefu ni msitu kwao. Kila jioni pitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Mimi namnyoa wetu akabaki na sentimita mbili, hana urembo wa kwenye picha ila naona ngozi yake. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukaikadiria kwa macho. Inaua mbwa, na harufu yake humwamsha mwenye pumu. Daktari ana vidonge na dawa za kudondoshea shingoni zilizopimwa kwa uzito.

Endelea na daftari kwa miezi mitatu. Aleji ya mbwa inaweza kuchelewa na kujijenga polepole. Ukiona inhela inaongezeka, usibishane na daftari. Mrudishe mbwa mapema akiwa bado hajawazoea sana, kwa mtu uliyezungumza naye kabla, si barabarani.

Na akiondoka, usitegemee nafuu wiki hiyo hiyo. Vumbi lake hubaki miezi kadhaa: fua mapazia, toa godoro juani, futa kuta. Yule Spitz wetu yuko Mukono kwa shemeji, analala nje, amenenepa. Mwezi wa nane baada ya yeye kuondoka tulisogeza kabati la nguo kupaka rangi, na nyuma yake kulikuwa na donge la manyoya meupe saizi ya yai.